Goti la Kaka Hussam

Plumstead, London
Jumapili, 30 Mei 2004

Dada yangu Siham,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii inakukuta u mzima, wewe na shemeji na watoto wote, na kwamba miguu ya Mama imepungua kuvimba tangu abadilishiwe dawa. Mimi huku ni mzima, Alhamdulillahi. Kazini kwa wazee naenda kama kawaida, kula nakula, na baridi imetuachia, hata jana nilitoka bila ya koti. Hayo ni ya mwili. Ya moyo ndiyo yaliyonikalisha mezani tangu asubuhi, na chai imeshanipolea mara mbili.

Anayekuletea barua hii ni Kaka Hussam mwenyewe. Anaruka Jumatano. Utamkuta na begi moja tu, nawe utastaajabu mtu aliyekaa London miaka kumi na moja arudi na begi moja. Nakuomba usimwulize kitu siku ya kwanza. Mpikie ule mchuzi wa pweza anaouota, mwache alale, kisha ndiyo usome.

Kwanza nikupe furaha yangu, kwa kuwa hukuwepo. Walipokunyima visa nililia siku mbili, na picha nilizokutumia hazisemi kitu, zinaonesha nguo tu. Dada, nimepata mume! Nina miezi mitatu na nusu ya ndoa na mpaka leo akipita nyuma yangu jikoni akaniwekea mkono begani, nasahau kama nilikuwa nakata kitunguu au nakata karoti. Jina langu analitamka taratibu kama mtu anayeogopa kulivunja. Akirudi mazoezini hunikuta dirishani, na kutoka kule chini kwenye kituo cha basi huvua kofia akanipungia, mvua inyeshe isinyeshe. Majirani wanatucheka. Waache wacheke. Nilikuwa nikidhani mapenzi ya namna hii yanaandikwa tu na watu wasiokuwa na kazi.

Najua Mama bado anamwita “yule Mzungu”, kwa hivyo hapa unaweza kumsomea. Anselmo ni Mhispania wa mji mdogo wa pwani unaoitwa Santoña, ambako baba yake na mama yake wote wawili walifanya kazi katika kiwanda cha kutia samaki wadogo makoponi. Siku ya kwanza nilipompikia dagaa, wale uliompa Bi Afnan, mama yetu wa huku ugenini, aniletee, aliinusa sahani, kisha akaniambia kwamba hiyo ndiyo harufu ya mikono ya mama yake. Machozi yalimtoka, mwanamume mzima. Ndipo nilipojua kwamba huyu simwachi.

Mpira aliuanza huko kwao, kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda. Alikuwa kiungo, mtu wa katikati anayegawa mipira. Alipofika miaka kumi na tisa alichukuliwa na timu ya daraja la pili ya Hispania, akacheza misimu minane, na mwaka 1995 akaletwa London na klabu ambayo siitaji, maana mwenyewe hataki kuisikia nyumbani. Wakati ule mchezaji mgeni alikuwa bado kitu cha kutazamwa. Washabiki walimtungia wimbo, na mpaka leo muuza magazeti wa karibu na stesheni akimwona humwimbia, naye uso hugeuka mwekundu mpaka masikioni. Picha yake ya miaka ile, nywele mpaka shingoni na miguu kama nguzo, nimeibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni. Nikifungua kutoa sukari namwona. Alicheza hapa miaka mitatu tu. Siku ya mwisho ya msimu, mwaka 1998, goti lake la kulia lilikatika mbele ya watu elfu kumi na mbili, akatolewa kwa machela, na hakurudi tena uwanjani. Alikuwa na miaka thelathini.

Baada ya hapo aliosha vyombo hotelini, akafundisha watoto Jumamosi asubuhi, akasomea vyeti vya ukocha kimoja baada ya kimoja kwa Kiingereza cha kuokoteza, mpaka mwaka juzi akapewa umeneja wa klabu ndogo ya huku kwetu, Marsh Gate. Usifikiri ni klabu ya kwenye televisheni. Wachezaji wana kazi zao mchana, huyu fundi bomba, huyu dereva, huyu mwalimu. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, mechi Jumamosi, na mtu wa chokaa akiumwa basi meneja mwenyewe ndiye anayechora mistari ya uwanja. Lakini ni timu yake, na anaipenda kama mtu aliyeokoa kitu kimoja kutoka nyumba iliyoungua.

Na winga wa kushoto wa timu hiyo, kama unavyojua, alikuwa Kaka Hussam.

Wewe unamkumbuka mtoto wa miaka kumi na tano aliyeondoka na Ami. Hujamwona alivyokuwa mkubwa. Mchana anasukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, Jumamosi anavaa namba kumi na moja, na akishika mpira upande wetu wa uwanja hata wale wazee wa Kiingereza wanaokuja na blanketi zao husimama. Mimi nilikuwa nikienda kwa ajili yake, sikwenda kwa ajili ya mtu mwingine. Nakuapia.

Ilikuwa Ramadhani iliyopita. Unajua mwezi wa Novemba jua la huku linazama saa kumi na dakika chache, na mechi inaanza saa tisa. Hussam alikuwa amefunga, na alikuwa anakimbia na saumu yake. Nilisimama nyuma ya kamba na mfuko wa tende na sambusa, nikijua kwamba Magharibi itaingia katikati ya kipindi cha pili na kaka yangu hatakuwa na nafasi ya kumeza hata mate. Basi mpira ukatoka nje, karibu na benchi, na nikamwona meneja anaitazama saa yake, ana karatasi mkononi ameandika nyakati za sala za mwezi mzima. Alimwita Hussam ukingoni, akampa tende na kikombe cha maji, na yeye mwenyewe akajifanya anabishana na mwamuzi ili mchezo uchelewe. Mwamuzi alimtishia kumfukuza benchini. Hussam alimeza tende ya tatu akacheka. Dada, mimi pale pale nilikwisha.

Yaliyofuata uliyasikia kwa simu. Alisilimu mwezi wa Desemba, msikitini akaitwa Salmin, ingawa mimi siwezi kumwita hivyo bila ya kucheka. Lakini huenda hukuyasikia yote aliyoyafanya Hussam. Yeye ndiye aliyekaa na simu saa nzima akimbembeleza Mama. Yeye ndiye aliyemwambia Ami kwamba kama hana imani na mtu huyu basi hana imani na yeye Hussam, kwa kuwa amemwona akishinda, akishindwa, akitukanwa, na hajamwona akisema uongo. Na Baba akiwa hayupo duniani, yeye ndiye aliyekuwa walii wangu. Tarehe kumi na tano Februari, wiki mbili baada ya Iddi Kubwa, sebuleni kwa Bi Afnan huku Woolwich, Hussam aliushika mkono wa Anselmo akanioza. Nilikuwa chumba cha pili nikichungulia. Kaka yangu aliuachia mkono wa mwenzake baada ya watu wote kwisha kuitikia amina.

Kisha fungate. Bi Afnan alisema hatakubali fungate ya Kizungu ya kupanda ndege, tukae ndani siku saba kama watu, na chakula ataleta yeye. Klabu ilimpa Anselmo wiki nzima, msaidizi wake akashika mazoezi ya Jumanne na Alhamisi. Wachezaji walimtania. Hussam alimpigia simu akamwambia, “Shemeji, nisikuone kabla ya Jumamosi, na Jumamosi nikukute umenenepa.” Nami nilikuwa na kaseti yako, ile uliyonirekodia mafunzo ya bi harusi. Niliisikiliza kwenye ile redio ya Hussam mpaka nikaihifadhi moyoni, kikohozi chako, na jogoo anayewika pale unaponifundisha mambo ambayo siwezi kuyaandika. Nilijiona nina dada, nina mume, nina kaka. Sikujua kwamba wiki ile ndiyo ya mwisho kuwa nao wote watatu.

Sasa nisikilize vizuri, na hapa usimsomee tena Mama.

Tangu Januari, klabu moja kubwa ya ligi za juu ilikuwa inamtazama Hussam. Walimtuma mtu wao mara mbili, amesimama na daftari. Mara ya tatu angekuja Jumamosi ya tarehe ishirini na moja, ambayo ilikuwa siku ya saba ya fungate yangu, na safari hii angekuja na mkubwa wake. Kila mtu alijua maana yake. Mkataba wa miaka miwili, acha vitanda vya hospitali, mpira ndio uwe kazi. Hussam ana miaka ishirini na sita. Katika mpira umri huo mlango unakuwa umebaki kidogo tu kufungwa.

Na tangu Desemba, goti lake la kushoto lilikuwa bovu.

Watu watatu tu ndio waliokuwa wakijua. Yeye mwenyewe. Philemon, mkandaji wa timu, mtu mzima wa Dodoma anayefanya kazi hiyo kwa mapenzi tu, ambaye alikuwa akimfunga bendeji chini ya soksi kabla wengine hawajaingia chumba cha kuvalia. Na mimi, niliyekuwa nikimpashia mafuta ya mbarika na kumfulia bendeji zile kila Jumapili. Aliniapisha kwa maziwa ya Mama nisimwambie mtu. Alisema anahitaji wiki chache tu, asaini, kisha hao wakubwa wenye madaktari wao watalitengeneza wenyewe.

Jumamosi ile Anselmo alitoka saa tano, nimempigia pasi shati. Saa nane simu ikalia. Ilikuwa Hussam, na nilisikia kelele za chumba cha kuvalia nyuma yake. Aliniambia neno moja tu, kwamba hayumo. Karatasi ya majina imebandikwa na yeye hayumo, hata akiba hayumo, na meneja amemwita kando akamwambia kwamba Jumatatu asubuhi aende hospitali akapigwe picha ya goti. Wakubwa wa ile klabu walifika, wakatazama kipindi kimoja, wakauliza namba kumi na moja yuko wapi. Anselmo aliwaambia ukweli. Wakafunga daftari.

Picha ilionesha mshipa wa ndani ya goti umechanika zaidi ya nusu. Daktari alisema upasuaji, halafu miezi tisa. Akasema pia kwamba ungeweza kukatika wote siku yoyote, kwa kugeuka tu. Hilo Hussam hataki kulisikia. Yeye anasema dakika tisini, alikuwa anahitaji dakika tisini tu, na goti lilishampa dakika tisini kila wiki tangu Desemba.

Alikuja hapa nyumbani Jumatatu ile ile akasimama mlangoni, hakutaka kuingia. Alimuuliza Anselmo nani amemwambia. Mume wangu akamjibu kwamba amemwona mwenyewe anachechemea. Hussam alicheka kicheko kibaya akamwambia, “Miezi miwili niko mbele yako hukuona. Umeona ukiwa fungate, madirisha yamefungwa?” Anselmo aliinama akaanza kuvipanga viatu vya mlangoni. Mimi nilikuwa jikoni, nimeshika kifuniko cha sufuria, na sikukitua.

Ndipo akamshuku Philemon. Nani mwingine angemdhania? Bi Afnan aliyaona kwa macho yake, sokoni Woolwich, mbele ya watu wanaochagua mabamia. Anasema Hussam alimtupia yule mzee bendeji kifuani na kumwambia, “Shika chako. Mzee mzima unaniuza kwa meneja ili usifukuzwe kazi ambayo hata hulipwi!” Na Philemon aliinama akaiokota, akaanza kuikunja taratibu kama anavyozikunja siku zote, akamjibu, “Mdogo wangu, Mungu anaona.” Basi. Hakujitetea. Wiki ile ile aliacha klabu, baada ya miaka sita. Bi Afnan aliponihadithia alikuwa anasema mambo ya watu wa bara ndivyo yalivyo, nami nilimwongezea chai, nikamwongezea na mkate wa kumimina.

Mwezi wa Aprili nilikutana na Philemon pale pale, kwenye meza ya muhogo. Nilitaka kupita. Akaniita, “Bi harusi, husalimii?” Akaniuliza habari za goti, akaniuliza kama Hussam anafanya yale mazoezi ya kukunja mguu, akaniambia ni ngapi asubuhi na ngapi jioni. Kisha akasema maneno haya, nami nakuandikia kama alivyoyasema: “Tulikuwa watatu. Mimi najijua, na yeye hawezi kujisema. Lakini mimi nina dada zangu pia.” Akachukua muhogo wake akaenda zake. Nilirudi nyumbani bila ya kununua kitu.

Mwisho wa msimu kamati ya klabu ilikaa ikaamua kumwacha Hussam, kwa kuwa hawana uwezo wa kumweka mchezaji asiyecheza mpaka mwakani. Anselmo alibishana nao mpaka sauti ikamkauka, hilo nalijua, lakini barua ya kumwacha mchezaji huandikwa na meneja. Aliiandika hapa, kwenye meza hii ninayoandikia. Aliniuliza neno moja la Kiingereza kama amelipatia. Nikamwambia amelipatia.

Hussam amekataa upasuaji. Anasema akatiwe kisu cha nini, akimbilie basi? Kazi ya hospitali ameiacha, chumba amekirudisha kwa mwenyewe. Juzi baada ya sala ya Ijumaa alikuja kuniaga, mara ya kwanza kukaa kwenye kiti changu tangu Februari. Nilipika pilau. Walikula yeye na Anselmo bila ya kutazamana, kama watu wawili waliokaa pamoja kwenye treni. Kabla ya kuondoka aliniita kwenye ngazi akanipa daluga zake za kuchezea mpira, zimepigwa rangi, zimefungwa kamba pamoja. Akaniambia niziweke, au nizitupe, nitakavyo. Kisha akanishika kichwa kama alivyokuwa akinishika nilipokuwa mdogo akasema, “Nchi hii yote imenigeuka, Sheikha. Umebaki wewe tu. Ulinishikia siri yangu mpaka mwisho.”

Mpaka mwisho, Dada.

Rudi kwenye kaseti yako, upande wa pili, baada ya jogoo. Uliniambia kwamba katika siku hizo saba nimpe mume wangu kitu kimoja ambacho hajapewa mtu mwingine yeyote, siri moja, ili awe na kitu chetu cha kukaa nacho. Naelewa sasa ulikuwa na maana ya siri yangu mwenyewe, jambo dogo la utoto au la aibu, kama ulivyompa shemeji habari ya kile kidani ulichokipoteza. Wala usijilaumu. Maneno yako yalikuwa mazuri. Mimi ndiye niliyetafuta siri yangu nikakuta sina.

Siku ya nne, Jumatano, mchana, mvua ilikuwa inapiga dirisha. Anselmo alilaza kichwa mapajani pangu, na akanieleza jambo ambalo hajamwambia hata mama yake. Kwamba goti lake lilikuwa limeanza kuuma mwezi wa Novemba, miezi sita kabla ya siku ile ya machela. Kwamba alilificha. Kulikuwa na mtu anamchoma sindano kila Jumamosi, na alikuwa akicheza hausikii mguu wake mwenyewe. Madaktari walimwambia baadaye kwamba angekuja Novemba angecheza mpaka leo hii. Na akaniambia wachezaji wanne au watano walikuwa wakijua, rafiki zake, nao wakanyamaza kwa kumpenda. “Nilikuwa nangoja mmoja wao anisaliti,” alisema. “Hakutokea hata mmoja.” Kisha akalia, kichwa chake mapajani pangu.

Nikamwambia habari ya Hussam.

Najua unataka kusema nini, kwa kuwa mimi nimejiambia hivyo kwa miezi mitatu. Kwamba nilimwokoa mguu. Kwamba yasingetokea hayo angeanguka uwanjani kama mwenzake. Bi Afnan angejua angesema hivyo, na mume wangu ananiambia hivyo, ananikumbatia na kuniambia kwamba nilifanya walichoshindwa kufanya rafiki zake. Na labda ni kweli. Lakini wewe nisikudanganye. Wakati ule sikumfikiria Hussam wala mguu wake. Nilikuwa nimejaa mapenzi mpaka yananimwagika, mume wangu amenipa kitu kikubwa kuliko vyote alivyonavyo, na mimi mikono mitupu. Nikachukua cha kaka yangu nikampa. Nilitaka tu aniinulie macho anitazame kama alivyonitazama. Na alinitazama, Dada. Wallahi, alinitazama, na nilifurahi.

Ingekuwa nilimsaliti Hussam kwa makusudi, kwa ajili ya mguu wake, ningemwambia siku ile ile usoni, nikavumilia matusi yake, na leo ningelala usingizi. Ila nilimtoa kama zawadi. Hata sikumwomba Anselmo anyamaze, maana sikufikiri kama kuna kesho. Yeye aliinuka, akaenda dirishani akasimama muda mrefu, na nilidhani anafikiria habari zake mwenyewe.

Hajawahi kunitaja kwa mtu. Ameuchukua uongo wa pekee ambao kaka yangu amewahi kumsikia akiusema, na ameuchukua kwa ajili yangu. Na Philemon amechukua sehemu yake. Wote wawili wananilinda mimi, bi harusi, nisiguswe na upepo. Anselmo akinipungia kofia kutoka kituoni sasa nampungia, na nampenda, nampenda mpaka naona haya, na kila nikimpenda naliona goti la Hussam. Nikifungua kabati la sukari namwona kijana mwenye nywele mpaka shingoni, na nyuma yake zimening’inia daluga. Sikuwa na mahali pengine pa kuziweka.

Ijumaa pale kwenye ngazi maneno yalinifika mdomoni. Akanibusu kipaji cha uso, akashuka, anashikilia ukuta kwa mkono wa kushoto, ngazi moja moja. Nikamtazama mpaka chini.

Kesho baada ya kazi nitakwenda kwa Philemon, nimwombe radhi mlangoni kwake, anifukuze au anikaribishe. Kwa Bi Afnan pia nitakwenda, nimwambie mbele ya wote aliowahadithia, na hao si wachache.

Nisalimie sana Mama, umbusu mkono wake wa kulia. Wasalimie shemeji na watoto, na umwambie mdogo kwamba mpira aliouomba upo ndani ya begi la mjomba wake, hauna upepo, wataujaza huko. Anselmo anakusalimu, ameandika jina lake hapo chini kwa mkono wake, ingawa hajui yaliyomo, anajua tu kwamba nakuandikia.

Barua sitaibandika. Unajua kwetu barua ya mkono haibandikwi, kumbandikia mchukuzi ni kumwambia humwamini, na Hussam ataitia mfukoni bila hata ya kuigeuza, kwa kuwa ndivyo alivyo. Basi ukimaliza usiifiche chini ya mto wa kitanda. Mwite, mkalishe, mpe aisome mwenyewe, tangu mwanzo, hata pale nilipomsifu mume wangu. Safari yote barua itakuwa mfukoni mwake, imefunguka, nami nitakuwa hapa dirishani nikiomba aitoe aisome, na nikiomba asiitoe.

Mdogo wako, ambaye hajui kama bado ni mdogo wake Hussam,

Sheikha

Anselmo